Kupeana Mgongo

Baba alirudi Mungaa msimu wa kupura alizeti, na mama alikuwa na fimbo mkononi. Majirani walikuja kucheka sana baadaye, wakisema mzee Mughwai alikuwa na mwaka mzima wa kuchagua, akachagua siku ambayo mkewe ana fimbo. Siku yenyewe hakuna aliyecheka. Bodaboda ilisimama nje ya boma, baba akashuka taratibu akiwa ameshika tumbo, na mama akaendelea kupiga vichwa vya alizeti juu ya turubai kana kwamba hajaona mtu. Mimi nilikuwa nimetoka Utemini, ninakoshona nguo, kuja kumsaidia mavuno. Nilisimama na ungo wangu, sijui niende kwa baba au nimsubiri mama.

"Shikamoo, baba," nikasema mwishowe.

"Marahaba, Winfrida."

Akakaa juu ya gogo. Sauti ilikuwa ileile, mwili ndio haukuwa wake. Macho yalikuwa ya njano, na miguu imevimba hata kamba za viatu hazikufungwa.

Mama alimaliza rundo lililokuwa mbele yake. Kisha akaegemeza fimbo ukutani, akamtazama baba, akaniambia mimi: "Mpe baba yako maji. Halafu umtandikie chumba cha mbele, kule jua linaingia asubuhi."

Hivyo ndivyo alivyopokelewa. Alikuwa ametuacha nikiwa kidato cha kwanza, akaenda kuishi Ihanja na mwanamke mwingine. Sasa madaktari mjini walikuwa wamemwambia ini limechoka, akapumzike nyumbani, na yeye akawaambia nyumbani kwake ni Mungaa. Yule mwanamke hakumtupa. Alimpakia kwenye bodaboda na blanketi lililofuliwa na dawa zake ndani ya kopo lenye kifuniko. Mama alilifungua lile blanketi, akalinusa.

"Angalau alikuwa anamfulia," akasema, na hakumtaja tena.

Nilidhani mama angeniachia mimi kazi ya kumuuguza. Hakuniachia. Alimwogesha mwenyewe, akambadilishia mashuka, akamkorogea uji wa uwele mwepesi asioukataa. Alifanya yote bila maneno mengi na bila hasira ya kuonekana. Baba naye alikuwa mpole kama mgeni. Akipewa kikombe anasema asante, akifunikwa anasema asante, mpaka siku moja mama akamwambia, "Punguza asante, Baba Winfrida. Utazimaliza kabla ya dawa."

Wiki chache zikapita, ndipo baba akaniomba nimwite mzee wa kanisa, Edward. Alitaka Meza ya Bwana kabla hajafa.

Kanisani kwetu mtu anayeiacha ndoa yake huwekwa nje ya kundi. Hafukuzwi, anaweza kuja akaimba na kutoa sadaka, ila Meza haisogelei. Siku akitaka kurudi, anaungama mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa, na yule aliyekosewa anaulizwa mbele yao: umemsamehe? Akijibu ndiyo, wawili hao wanapeana mkono, na siku hiyohiyo aliyerudi anakula Meza. Mgonjwa hufanyiwa hayo nyumbani kwake. Nimeona wengi wakirudi kwa njia hiyo tangu utoto wangu, na sijawahi kusikia mtu akijibu vingine. Ile ndiyo ni kama amina, hutoka yenyewe.

Walikuja Jumapili baada ya ibada. Mzee Edward alikuwa amebeba kisanduku cha Meza, na pamoja naye alikuwa Mchungaji Leah, mama kijana kutoka upande wa Iramba, aliyekuwa kwetu bado hajamaliza mwaka. Mzee Edward na baba walichunga ng'ombe pamoja tangu wote wawili hawajui kuvaa kaptula, kwa hiyo alianza kwa kumchokoza.

"Mughwai, Ihanja ni hapo tu. Mbona umechukua muda hivi kurudi? Ulipitia Kigoma?"

"Nilikuwa natafuta njia ya mkato," baba akajibu.

Tukacheka, hata mama. Kisha mchungaji akaomba, na baba akaungama. Hakujitetea. Alisema, "Nilimwacha Cecilia. Hakunikosea kitu. Niliona mahali pengine pana kicheko zaidi, nikaenda. Basi." Alisema akiangalia mikono yake.

Mzee Edward akamgeukia mama, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. "Mama Winfrida, umesikia. Umemsamehe?"

"Bado," mama akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Mzee Edward naye alidhani hivyo, maana aliuliza tena, polepole, kama anayemsaidia mtoto kujibu katekisimu.

"Nimesikia swali, mzee. Bado."

"Lakini mama, unamwogesha. Unamlisha. Sisi wote tunaona."

"Kumwogesha najua. Mnaloniuliza silijui."

"Sema tu ndiyo, tumalize. Mungu atajaza palipopungua."

"Nidanganye mbele ya Meza yake halafu nimwachie ajaze?"

Mzee Edward alimtazama mchungaji. Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa. Hakumlazimisha mama, na wala hakukifungua kisanduku. Waliomba tena, wakaaga. Kisanduku kikatoka kama kilivyoingia. Baba aligeukia ukutani, akavuta lile blanketi la Ihanja mpaka masikioni.

Nilimfuata mama jikoni. "Mama, ungesema tu. Neno moja. Mtu anakufa."

Alikuwa anachambua mlenda. Hakuinua macho. "Ningesema, angekufa ameshika uongo wangu. Ndicho unachotaka nimpe?"

"Nataka afe kwa amani."

"Hata mimi nataka," akasema. "Kaniletee kuni."

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Baba hakumlaumu, ila alianza kuacha uji nusu, na tumbo lilizidi kujaa. Kila mtu aliyepita njiani kwetu alikuwa na neno la kunipa nimfikishie mama. Wengine walisema amesubiri miaka yote hiyo apate nafasi ya kulipiza, na sasa ameipata. Sikuyafikisha. Lakini nami nilianza kumtazama nikijiuliza kama wanasema kweli.

Alhamisi mchana Mchungaji Leah alikuja peke yake. Mama alikuwa uwanjani anapepeta, upepo ulikuwa mzuri siku hiyo. Mchungaji alimwamkia shikamoo, akaweka pochi yake juu ya gogo, akaomba ungo.

"Wanyiramba mnajua kupepeta?" mama akamuuliza. "Mimi nilisikia kwenu mnawaachia kuku kazi hiyo."

"Na kwenu nilisikia mnasubiri Mnyiramba aje."

Wakapepeta. Nilikuwa nimekaa upande wa pili nikishona magunia, na walijua nasikia. Walizungumza kwanza habari za bei ya mashudu na za mbuzi aliyepotea. Nilikuwa nasubiri mchungaji aanze kumsihi mama. Badala yake alianza kusimulia habari za chuoni.

"Tulikuwa na somo la Kiebrania," akasema. "Nililiogopa kama chatu. Lakini kuna neno moja sijalisahau. Meshuva. Si neno la kila mahali. Yeremia ndiye analitumia sana, Hosea kidogo, Mithali mara moja, basi. Biblia yetu mahali pengine inasema uasi, mahali pengine inasema kurudi nyuma."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nikilisoma naona mtu anayempa mwenzake mgongo. Si mwizi, si adui. Mtu wa mbali hawezi kukufanyia meshuva, kwa sababu hakuwahi kukuelekea. Ni lazima awe alikuwa wako kwanza."

Mama alitikisa ungo, pumba zikaruka. "Basi Yeremia alimjua Mughwai."

Mchungaji alicheka. "Lakini si hapo liliponishika, mama. Manabii wana maneno mengi ya dhambi, na mengi yanafuatiwa na fimbo. Hili nalo linafuatiwa na fimbo mara kadhaa. Ila kuna mahali Mungu anasema ataliponya. Nilishangaa sana siku hiyo darasani. Kosa linasamehewa, deni linafutwa. Kinachoponywa ni kidonda. Kumbe yeye alikuwa anamtazama yule aliyempa mgongo, anaona mgonjwa."

"Mgonjwa haponi kwa kuulizwa swali," mama akasema.

"Haponi."

"Na anaponywa nani hapo? Aliyegeuka, au aliyegeuziwa?"

"Pale ilipoandikwa ni aliyegeuka."

Mama alisimamisha ungo. Nilimwona akiangalia upande wa barabara, ingawa hapakuwa na mtu anayepita. Alikaa hivyo mpaka mchungaji naye akaacha kupepeta.

"Mchungaji," akasema, "unajua mara ya mwisho nilikula Meza lini?"

"Najua ulizuiliwa mzee alipoondoka."

"Nani alikwambia?"

"Nilikuta inajulikana hivyo."

"Hakuna aliyenizuia. Mtu anayebaki kwenye ndoa yake hazuiliwi, muulize yeyote. Nilijizuia mwenyewe. Jumapili ya kwanza ya Meza baada ya Mughwai kwenda, nilibaki kwenye benchi. Wakadhani ni sheria, nikawaacha wadhani. Siku nyingine za Meza nilikuwa natoka kabla, nasema mbuzi hawajafunguliwa." Alishusha ungo chini. "Nilikuwa namwambia Mungu hivi: wewe ulikuwepo tulipoapa. Nilikuweka shahidi. Shahidi gani anamwona mtu anafungasha nguo na kukaa kimya? Nikampa mgongo. Naimba, nafagia kanisa, nalima shamba la usharika. Lakini nimempa mgongo."

Sindano ya magunia ilinichoma kidole na sikuinua mkono. Miaka yote nilikaa naye benchi moja. Nilipopata kipaimara nilikuwa nasimama kwenda mbele, anapisha magoti yake nipite, na sikuwahi kumuuliza.

"Basi lile neno ni langu pia," mama akasema.

Mchungaji Leah alimsogelea. Alimshika mkono uliojaa vumbi la alizeti. "Na ule uponyaji unaolifuata ni wako pia, mama."

Mama hakulia. Alivuta pumzi kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Kisha akachukua ungo wake, akamwambia mchungaji amalizie rundo lake, maana Wanyiramba wakiachwa waondoke kazi ikiwa nusu watapata mazoea.

Jumapili walikuja tena. Baba hakutegemea kitu. Aliniambia asubuhi nimwambie mzee Edward asihangaike kubeba kisanduku kupanda kile kilima chote. Sikumwambia. Alikibeba, akakiweka juu ya meza ndogo niliyoitandika kitambaa cheupe, na mchungaji akasema swali la leo atauliza yeye.

"Mama Winfrida," akasema, "sikuulizi kama umemaliza. Umefika wapi?"

Mama alifikiri. Alijibu kama mtu anayeulizwa shamba limepaliliwa mpaka wapi. "Nimefika kwenye uji. Asubuhi nikimnywesha uji, namsamehe, kabisa. Mchana nakumbuka, nakasirika. Jioni sijui. Hapo ndipo nilipo, na sijarudi nyuma ya hapo tangu Alhamisi."

Mzee Edward alikohoa. "Mchungaji, hilo si jibu tulilozoea."

"Edward," baba akasema kutoka kitandani, "huyo ni mke wangu, namjua. Akisema kwenye uji, ni kwenye uji kweli. Mimi linanitosha."

"Linakutosha wewe. Kanuni je?"

"Kanuni inataka apatane naye," mchungaji akasema kwa upole. "Sijawahi kuona mapatano yaliyopimwa vizuri namna hii, mzee wangu. Peaneni mkono."

Wakapeana mkono. Wa baba ulikuwa mwembamba, na mama aliushika kwa mikono yake miwili. Kisha, kabla hajauachia, akasema, "Na mimi nataka."

"Unataka nini, mama?" mzee Edward akauliza.

"Meza."

Mzee Edward alikuwa amekwisha kufungua kisanduku. Alikitazama, akatutazama sisi, na nikaona uso wake unabadilika. Ndani kulikuwa na kipande kimoja cha mkate, cha mgonjwa. Mchungaji na yeye huwa wanakula kanisani. Mimi pia nilikuwa nimekwisha kula asubuhi ile. Alikuwa amehesabu vizuri kama alivyohesabu siku zote.

"Mama Winfrida," akasema, "sikukuwekea. Nilipokuwa natenga, sikukufikiria kabisa. Nimezoea kukuruka." Akatafuta fimbo yake ya kutembelea. "Nakwenda kanisani. Narudi sasa hivi."

"Kaa, mzee," mama akamwambia. "Kwa mwendo wako huo utatukuta tumezikwa wote wawili."

Baba alicheka mpaka akashika tumbo. Mzee Edward akakaa, akifuta macho kwa kiganja, anacheka na kulia. Mchungaji Leah akauchukua ule mkate mmoja, akaubariki, akaumega. Vipande vilikuwa vidogo, kimoja kikubwa kidogo kuliko kingine. Alianza na mama. Nilidhani atampa kile kidogo ili mgonjwa apate kikubwa, lakini alimpa kile kikubwa, na baba aliona, akatikisa kichwa kukubali. Kisha baba akala. Divai ilikuwa ya kutosha. Mzee Edward alikishika kikombe mwenyewe mbele ya mama, na alipokuwa anakiinamisha alisema maneno yote ya kawaida, ila mwishoni akaongeza jina lake, Cecilia, jambo ambalo wazee wetu hawafanyi.

Baada ya hapo baba aliishi mpaka alizeti yote ikapelekwa mashineni. Sikurudi Utemini siku hizo. Wateja wangu walinivumilia, Mungu awabariki. Nashukuru nilikuwepo. Nilikuwa nakaa kizingitini asubuhi nawasikia. Baba anauliza, "Umefika wapi leo?" na mama anajibu, "Nyamaza unywe." Siku nyingine alijibu, "Jana nilifika mpaka chakula cha mchana." Siku moja walibishana kabisa, kwa Kinyaturu na kwa sauti, juu ya jambo la zamani ambalo sikulielewa, na baadaye baba akaniambia kwa furaha kwamba amegombezwa. Alisema mtu hagombezwi hivyo na aliyempa mgongo.

Alifariki asubuhi, jua likiwa limeshaingia chumbani. Usharika ulimzika kwa nyimbo zote na kengele, na mzee Edward ndiye aliyesoma wasifu wake. Hakuruka Ihanja. Aliitaja, akataja na kurudi.

Jumapili ya Meza iliyofuata niliketi na mama kwenye benchi letu. Walipoita safu yetu, alisimama kabla yangu. Watu waligeuka kumtazama, maana wengi hawakuwa wamewahi kumwona akienda mbele. Alitembea bila haraka, akapiga magoti, akapokea, akarudi, akaendelea kuimba wimbo kutoka pale ulipokuwa umefika.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu nilimuuliza, kwa kuwa baba hakuwepo tena wa kumuuliza, "Leo umefika wapi, mama?"

"Leo nimemkumbuka tangu naamka, sikukasirika mpaka tulipofika kanisani."

"Halafu?"

"Halafu nikakasirika kidogo. Nilimtaka anione nikienda mbele." Akatembea kidogo, akarekebisha kitenge. "Imepita. Wakati wa wimbo ilikuwa imepita."